Fidia ya asbesto: maswali yenu, na wale wa "nitapata ngapi" msome mpaka chini

Maswali ya asbesto yamejaa mpaka basi, na nusu yake ni lile lile limebadilishwa maneno tu. Nimechagua machache. Asbesto kwa kifupi ni yale madini ya nyuzi nyuzi yaliyotumika kwenye mabomba, dari na mapaa kuzuia joto na moto, na vumbi lake ndo linaleta maradhi.

*Shikamoo shangazi. Baba mkwe wangu ni Mmarekani, miaka ya 70 alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya meli kule Norfolk, Virginia. Juzi madaktari wamesema ana mesotelioma, ile kansa ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto. Kampuni zilizotengeneza vile vifaa tunaambiwa zilifilisika zamani. Ndo basi tena?*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Sio basi. Kufilisika kwa hizi kampuni usikufikirie kama duka la mtaani limefungwa na mwenyewe kakimbia madeni. Johns-Manville, mtengenezaji mkubwa wa bidhaa za asbesto, ilivyokwenda mahakamani Agosti 1982 kuomba ulinzi wa Sura ya 11 (sheria ya Marekani inayoikinga kampuni na wadai huku ikijipanga upya), biashara yake ilikuwa inatembea vizuri tu, kilichokuwa kinaiandama ni kesi za wagonjwa, na mwisho wa yote ikaruhusiwa kuendelea na kazi kwa sharti kwamba itenge hela kwenye mfuko wa kulipa wagonjwa wa wakati ule na wa baadaye. Mfuko ukaanza 1988. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likaweka utaratibu huo kwenye sheria, kifungu cha 524(g) cha sheria ya kufilisika, na wengine wakapita njia hiyo hiyo: Owens Corning, Armstrong, USG, Babcock & Wilcox (hao ndo wa maboila, andika jina hilo), W.R. Grace na wengine kibao. Wakaguzi wa Bunge walipohesabu 2011 walikuta mifuko 60.

Kwa hiyo mnadai kwenye mfuko, hakuna kusimama mbele ya jaji. Ila mfuko hauna huruma, una fomu. Unataka ripoti ya patholojia (kipimo cha maabara cha kipande cha nyama ya mgonjwa) inayosema ni mesotelioma, na unataka ushahidi kwamba mzee alikutana na bidhaa za kampuni ile ile, sio asbesto ya jumla jumla. Hapo ndo watu wengi wanakwama. Anzeni na Social Security (ofisi ya hifadhi ya jamii ya Marekani), jazeni fomu SSA-7050 muombe orodha ya waajiri wake wote mwaka kwa mwaka, inalipiwa na inachelewa, hivyo iagizeni leo. Mifuko mingi ina orodha ya maeneo ya kazi ambayo tayari inakubali kwamba bidhaa zake zilitumika, karakana yenu ikiwemo kwenye orodha mmepunguza kazi kubwa.

Afu kaa na mzee, washa simu irekodi. Usimuulize "ulishika asbesto?" manake atasema hajui. Muulize maboksi yalikuwa yameandikwa nini, nani alikuwa anakata vile vigamba vyeupe vya kufunika mabomba kwa msumeno, nani alichanganya ule udongo wa kuzibia viungo, vumbi likitua nani alifagia na alifagia kavu au aliloanisha. Akitaja mwenyewe "Kaylo" au "Unibestos", yale majina ya vifuniko vya mabomba vya asbesto, umepata kitu. Na wenzake waliobaki hai wapigieni mapema, watoe ushuhuda wa maandishi mbele ya mthibitishaji, hao nao ni wazee. Kuna watu wanampa mgonjwa orodha ya majina ya bidhaa akariri. Msikubali, huo ni uongo wa kiapo na ukigundulika unaharibu hata madai yenu ya kweli.

*Naona kwenye tangazo mesotelioma inalipwa dola 350,000. Zinakuja kwa mkupuo au kwa awamu?*

Haziji. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka, leo nalijibu kwa namba labda litaeleweka. Hiyo 350,000 ni thamani iliyopangiwa ugonjwa kwenye mfuko wa Manville. Unacholipwa ni asilimia tu ya thamani hiyo, kwa sababu hela lazima zibaki za watakaougua kesho, na huu ugonjwa unaweza kukaa kimya miaka 20, 30, hata 50 ndo utokee. Manville ilianza kwa kulipa kamili, miaka miwili haijapita hela zikakauka, mahakama ikasimamisha malipo, ilivyorudi 1995 ikawa inalipa asilimia 10, na baadaye ikashushwa mpaka 5.1. Piga hesabu: 5.1% ya 350,000 ni dola 17,850. Wakili kwenye mfuko huo haruhusiwi kuzidi 25%, akichukua yote mnabaki na kama 13,387. Halafu Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) ikiwa ililipia matibabu nayo itadai chake.

Ndio maana mgonjwa mmoja hudai kwenye mifuko kadhaa, maana fundi wa boila hakushika bidhaa za kampuni moja. Inaruhusiwa kabisa. Mwenye tangazo la dola laki tatu na nusu anayajua haya yote, anachotaka ni namba yako ya simu akauzie ofisi ya mawakili.

*Kama unaweza kudai mifuko mingi, na kesi mahakamani dhidi ya kampuni ambazo hazijafilisika je?*

Unaweza. Ila maelezo yawe yale yale kote kote. Kwenye kesi ya kufilisika ya Garlock, kampuni iliyotengeneza gasketi zenye asbesto, mwaka 2014, Jaji George Hodges alikuta mawakili walioficha mahakamani kwamba wateja wao walikutana na bidhaa za kampuni nyingine, huku kwenye mifuko wakidai kwa bidhaa hizo hizo. Toka hapo kila upande unakagua karatasi za mwenzake.

*Baba alivuta sigara miaka 40. Tumekosa?*

Mesotelioma haisababishwi na sigara. Kama ni kansa ya mapafu ya kawaida hapo sigara inahesabiwa na malipo yanaweza kushuka. Usifiche, ipo kwenye mafaili ya hospitali.

*Dada, mimi nilifika Minneapolis 1999, nimefanya kazi ya kubomoa majengo ya zamani miaka 6, tulikuwa tunapewa zile barakoa za karatasi tu. Sasa hivi nakohoa na pumzi fupi. Nianzie mfuko gani?*

Kaka, anzia kwa daktari wa mapafu, sio kwenye mfuko. Mwambie neno asbesto wewe mwenyewe, usisubiri akuulize, manake ukikaa pale na kikohozi watakuandikia dawa ya pumu urudi nyumbani.

Sasa kuhusu fidia nikwambie ukweli ambao kwenye matangazo hautausikia. Taratibu za mifuko mingi zinadai uwe ulikutana na bidhaa zao kabla ya tarehe 31 Disemba 1982. Ziliandikwa kwa ajili ya walioweka asbesto, sio waliokuja kuibomoa. Vumbi ni lile lile, dari ni ile ile iliyopuliziwa miaka ya 60, ila aliyeipulizia ana mfuko na wewe uliyeikwangua 2003 kwa mshahara wa saa huna. Mimi hili linaniudhi, na linawagusa watu wetu kuliko wengine kwa sababu kazi za kubomoa na kusafisha ndo tunazopewa tukifika. Kwa hiyo kwako njia kuu ni fidia ya wafanyakazi ya jimbo, kupitia bima ya mwajiri aliyekupa hiyo barakoa ya karatasi. Tafuta wakili wa fidia ya wafanyakazi, ni fani tofauti na hawa wa mifuko. Na zile stabu za mshahara usitupe.

*Mama alikuwa anakung'uta na kufua nguo za kazi za baba. Yeye ndo kaugua, baba mzima. Anahesabiwa?*

Anahesabiwa, mifuko mingi inakubali. Ushahidi wa kazi unakuwa wa baba, ushahidi wa ugonjwa wa mama, pamoja na cha kuthibitisha waliishi nyumba moja miaka ile.

*Tuko Louisville. Mzee kafariki miezi 10 sasa, ndugu wanasema tumalize msiba wa mwaka kwanza ndo tushughulikie mambo ya hela.*

Hapana! Muda wa kudai mara nyingi unafuata sheria ya jimbo, na Kentucky ni mwaka 1 kwa madai ya namna hii, Tennessee vile vile. Msichezee miezi iliyobaki. Wiki hii mmoja wenu aende mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi, na wiki hii hii muone wakili. Arobaini mmeshafanya, mzee hatakasirika.

*Kuna ndugu kanisani anasema kwa dola 500 anatujazia fomu na ana daktari wake wa kusoma eksirei.*

Kimbieni. Mawakili wa kweli wa kazi hii wanakula asilimia mkishalipwa, hawaombi hela mbele. Na hao "madaktari wangu" wana historia: mwaka 2005 Jaji Janis Graham Jack kule Texas alianika jinsi vipimo vilivyotengenezwa kwa wingi kwenye kesi za vumbi la silika (vumbi la mchanga na mawe), na mfuko wa Manville ukakataa kupokea ripoti za baadhi ya madaktari na kampuni za kupima.

*Sina makaratasi ya uhamiaji.*

Uraia sio sharti la kulipwa. Ongea na wakili, usiongee na ndugu wa kanisani hapo juu.

*Shule niliyosoma Mombasa ina paa la asbesto mpaka leo. Nadai mfuko gani wa Marekani?*

Hakuna. Unaumwa? Huumwi. Paa lilitengenezwa na kampuni gani? Hujui. Waambie wenye shule waone NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wapate watu wenye leseni wa kulitoa, na mtu asije akavunja yale mabati akajengea banda la kuku.

*Hizi hela zinakatwa kodi?*

Fidia ya ugonjwa wa mwili kwa kawaida serikali kuu ya Marekani haiikati kodi. Riba juu yake inakatwa.