Jina Jipya, Kitabu Kipya: Maswali Yenu Kuhusu Pasipoti ya India

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Nairobi wenye pasipoti ya India ambao mambo yao yamebadilika: waliofunga ndoa, waliohama mtaa, wenye herufi iliyokosewa tangu utotoni. Tumezijibu pamoja kwa sababu aliyesoma jibu moja mara nyingi huhitaji na la jirani yake.

Nimeolewa mwaka jana hapahapa Nairobi, ndoa ya Kihindu, na cheti tumepewa na msajili. Pasipoti yangu bado ina jina la ukoo la baba na imebaki na miaka sita. Je, ubalozini wataniandikia jina la mume kwenye ukurasa wa mwisho, ama mambo ni marefu kuliko hapo? — Bi. H., Parklands

Ni marefu, Bi. H. Pasipoti ya India hairekebishwi kwa kalamu wala kwa muhuri. Badiliko lolote, liwe la jina, la mwenzi wa ndoa, la anwani au hata la sura, linamaanisha kitabu kipya chenye namba mpya. Cha zamani hukatwa kona, hupigwa muhuri wa kufutwa, kisha unarudishiwa. Usikitupe, utaona sababu yake katika jibu la Mama Riya hapa chini. Ile miaka sita usiihesabu kama hasara, kwani kitabu kipya cha mtu mzima huanza upya na miaka 10.

Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Passport Seva, ule upande wa balozi zilizo nje ya nchi. Kosa la kwanza la watu wengi, hasa wakimwachia kijana wa saiba awajazie, ni kuingia upande wa wakazi wa India. Fomu zinafanana, nawe utajikuta umelipia miadi ya Ahmedabad au Rajkot. Kosa la pili ni sababu ya ombi. Chagua kutolewa pasipoti upya kwa sababu ya mabadiliko ya taarifa binafsi. Ukichagua kwamba muda umekwisha au kurasa zimejaa, karani atakurudisha ukajaze tena. Kosa la tatu ndilo linalouma zaidi: mtu huweka alama kwenye jina peke yake na kusahau jina la mume na anwani. Kila kilichobadilika kiwekee alama yake katika ombi hilohilo, la sivyo utalipia kitabu kingine mwakani.

Kuhusu karatasi: pasipoti ya sasa pamoja na nakala za ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kibali chako cha kukaa Kenya, ushahidi wa makao ya hapa, na cheti cha ndoa. Kanuni za India zinaruhusu pia tamko la pamoja la mume na mke lenye picha yao wawili na sahihi zao, pamoja na nakala ya pasipoti ya mume. Lakini kama cheti cha Kenya unacho tayari, kitangulize. Uliza mapema iwapo kinatakiwa kuwa na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, maana safari ya kurudi mjini kwa ajili ya muhuri mmoja humaliza siku nzima.

Kabla ya yote, soma cheti chako herufi kwa herufi. Majina ya Kihindi yakiandikwa na karani anayesikiliza kwa sikio la Kiswahili hugeuka. Chauhan huwa Chohan, Mistry huwa Mistri, na jina la katikati la baba hudondoka kabisa. Ikiwa pasipoti ya mumeo inasema Chauhan na cheti kinasema Chohan, usiende ubalozini kujieleza. Nenda kwanza kwa msajili wa ndoa, Sheria House, cheti kirekebishwe. Ubalozi hauamui herufi ipi ni sahihi, unalinganisha karatasi tu.

Neno moja la pembeni: hakuna sheria ya India inayomlazimu mke kuchukua jina la mume. Unaweza kubaki na jina lako na kuongeza jina la mume kama mwenzi wa ndoa. Ukibadilisha jina lenyewe, hesabu kwanza vitu vyote vinavyobeba la zamani: vyeti vya chuo, akaunti za benki hapa na kule, PAN (namba ya kodi ya India), Aadhaar (namba ya kitambulisho ya India), PIN ya KRA, laini ya simu na M-Pesa yake. Wengine wakishahesabu huamua kuongeza jina la mume tu. Si uamuzi mbaya.

Pasipoti ilishatoka, jina jipya, namba mpya. Sasa kibali cha mume wangu na pasi yangu ya mtegemezi vyote vina namba za zamani. Nikienda uwanja wa ndege nitashikwa? — Mama Riya, South C

Hutashikwa, mradi unasafiri na vitabu vyote viwili. Ndiyo maana tulisema cha zamani kisitupwe. Ofisa wa uhamiaji pale JKIA anaona kitabu kipya kitupu, bila muhuri hata mmoja wa kuingia nchini. Kile cha kona iliyokatwa ndicho kinachoeleza uliingiaje na umekaa kwa msingi gani. Ukurasa wa mwisho wa kitabu kipya huonyesha namba ya kile cha zamani, na uzi huo ndio unaokuunganisha na kibali chako.

Lakini huo ni ufumbuzi wa safari moja, usiugeuze kuwa maisha. Idara ya Uhamiaji inapaswa kujua namba mpya na jina jipya, na maombi hayo siku hizi huanzia mtandaoni kwa akaunti yako ya eCitizen kabla ya kufika Nyayo House. Peleka nakala za pasipoti zote mbili, cheti cha ndoa na barua fupi inayotaja namba ya kibali. Kama kibali ni cha mume kupitia mwajiri wake, barua itoke kwa mwajiri.

Kisha kitambulisho cha mgeni, kile ambacho mtaani tunakiita eliani. Mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe, na jina la kwenye kadi likitofautiana na la pasipoti, benki ndiyo ya kwanza kugundua. Fuata mpangilio huu: uhamiaji kwanza, kadi ya mgeni pili, halafu KRA, benki na simu. Ukianza na benki, watakuomba kadi. Ukienda kuomba kadi, watakuuliza kibali. Wengi wanaolalamika kwamba wamezungushwa walianzia mwisho wa foleni.

Kama una viza ya Marekani katika kitabu cha zamani na haijaisha, bado inafaa ukiibeba pamoja na kitabu kipya, maadamu ukurasa wake haukukatwa wala kuharibiwa. Siku ya kukabidhi kitabu mwonyeshe karani ukurasa huo, na umwombe asiuguse. Kwa kuwa jina limebadilika, tembea pia na cheti cha ndoa. Ndugu wanaokuja kukutembelea nao wakumbuke kwamba idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, hufungamana na namba ya pasipoti iliyojazwa. Mtu asiombe kwa kitabu cha zamani na kusafiri na kipya.

Majina yangu yote yamebanwa kwenye sehemu moja, sehemu ya jina la ukoo iko tupu. Kila nikikata tiketi ya kupitia Dubai naulizwa maswali. Rafiki aliambiwa hawezi kuingia kabisa. Je, hii nayo ni kubadilisha jina? — Bw. S., Ngara

Ndiyo, ingawa ni badiliko la aina nyepesi. Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba mwenye jina moja tu katika pasipoti, sehemu ya ukoo au ya jina la kwanza ikiwa tupu, haruhusiwi kuingia kwa viza ya matembezi. Baadaye wakaeleza kwamba jina la baba au la ukoo likiwa kwenye ukurasa wa pili litakubaliwa, na wenye ukaazi hawahusiki. Hapo ndipo rafiki yako alipokwama. Wamarekani hawakuzuii, ila asiye na jina la kwanza wanamwandikia herufi FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) kwenye viza, na herufi hizo huanza kukufuata kwenye tiketi na hati za benki kana kwamba wazazi wako walikubatiza hivyo.

Kugawanya jina lilelile katika sehemu mbili, bila kuongeza wala kupunguza herufi, kwa kawaida hakuhitaji tangazo la gazeti. Tayarisha hati ya kiapo na karatasi mbili tatu za India zenye jina likiwa limegawanyika jinsi unavyotaka, kwa mfano cheti cha shule na PAN. Kama karatasi zako zote za India zina jina moja tu, anza kuzirekebisha hizo. Pasipoti hufuata karatasi.

Nataka kuacha jina langu kabisa na kuchukua jingine. Si ndoa, ni uamuzi wangu. — K., Westlands

Hapa utahitaji hati ya kiapo, na matangazo katika magazeti mawili ya kila siku, moja la hapa unapoishi na moja la kule ilipo anwani yako ya kudumu India. Tangazo litaje jina la zamani kamili, jipya kamili, na anwani. Peleka ukurasa mzima wa gazeti wenye jina la gazeti na tarehe. Kipande kilichokatwa kwa mkasi hakithibitishi kilitoka wapi. Na usitegemee huduma ya haraka ya Tatkaal, maana badiliko kubwa la jina haliruhusiwi kupitia njia hiyo.

Cheti cha kuzaliwa kinasema tarehe 21, pasipoti inasema 12. Nifanyeje? — Mzee J., Pangani

Mzee wetu, swali la kwanza utakaloulizwa ni kosa lilikuwa la nani. Kama karatasi ulizowasilisha zamani zilisema 21 na ofisi ikachapa 12, jambo ni jepesi: onyesha karatasi hizohizo. Kama wewe mwenyewe ulitumia cheti cha shule kilichosema 12 na sasa unaleta cheti cha kuzaliwa, jiandae kueleza kwa nini umekaa miaka yote hiyo kimya. Kadiri ulivyosafiri, kufungua akaunti na kupata vibali kwa tarehe ile, ndivyo ombi linavyozidi kuwa gumu. Tarehe ya kuzaliwa huchunguzwa kuliko jina, kwa sababu pensheni na umri wa kustaafu hutegemea hapo.

Kwa wajukuu: mtoto aliyezaliwa kuanzia 1 Oktoba 2023 hana njia nyingine ya kuthibitisha tarehe ila cheti cha kuzaliwa. Cheti cha shule hakitamsaidia. Aliyezaliwa hapa Kenya kwa wazazi Wahindi aandikishwe ubalozini kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Nina safari ya Desemba. Nikiomba sasa nitapata? — A., Lang'ata

Usikate tiketi kwa jina ambalo bado halijachapwa. Ubalozi unaweza kupeleka taarifa zako India zikachunguzwe na polisi wa mahali pa anwani yako ya kudumu, na ukiandika anwani ya nyumba iliyouzwa zamani, askari atafika, hatakuta mtu wa kukutambua, na faili litalala. Andika anwani ambayo jirani au ndugu anaweza kusema "tunamjua". Kama safari haiwezi kungoja, safiri kwa jina la zamani, na uombe ukirudi.

Nimepata uraia wa Kenya. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Naomba basi nibadilishe anwani kwenye pasipoti ya India. — Bw. D., Westlands

Usifanye hivyo, Bw. D. Kenya inaruhusu, India hairuhusu. Chini ya Sheria ya Uraia ya India ya 1955, uraia wako wa India ulikoma siku uliyopokea wa Kenya kwa hiari, hata kama pasipoti ina miaka tisa mbele. Kuitumia, au kuomba itolewe upya, ni kosa. Unachopaswa kupeleka ubalozini ni pasipoti yenyewe, upewe cheti cha kuisalimisha. Ukishakipata, unaweza kuomba kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, ya raia wa nje wenye asili ya India) itakayokuwezesha kuingia India bila kuomba viza kila mara.

Picha ya studio ya River Road itakubaliwa? — Fatma, Eastleigh

Itakubaliwa mpiga picha akifuata kipimo. Tangu Septemba 2025 balozi za India zinataka picha za kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: mandhari nyeupe, uso ukijaza asilimia 80 hadi 85 ya picha, bila miwani, bila kivuli. Hijabu inaruhusiwa mradi uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Studio nyingi za mjini huacha mabega mengi na uso mdogo, kwa hiyo mwambie asogee karibu.

Kaka yangu ana pasipoti yenye ECR (alama ya kwamba lazima akaguliwe na kupata idhini kabla ya kwenda kufanya kazi nchi fulani) na amepata kazi Juba. Anahamia huko kutoka hapa, na anwani anabadilisha. Je, ECR itamzuia? — R., Ngara

ECR humgusa anapoondoka India kwenda kufanya kazi katika nchi 18 zilizoorodheshwa, na Sudan Kusini ni mojawapo. Akipanda ndege hapa JKIA, uhamiaji wa India haupo njiani kumuuliza. Tatizo litakuja atakapokwenda likizo nyumbani na kutaka kurudi kazini Juba moja kwa moja kutoka Mumbai. Kwa kuwa anaomba kitabu kipya kwa ajili ya anwani, aweke alama pia kwenye kufutiwa ECR, na aambatanishe cheti chake cha kufaulu darasa la 10 katika ombi hilohilo.