Nanasi Lililolipuka: Jinsi ya Kusoma Misimu ya Wapelelezi wa Kale wa Marekani

Kosa langu la kwanza lilikuwa nanasi. Nilikuwa nikilitafsiria gazeti moja la wiki makala ya zamani kuhusu uhalifu wa Chicago, nami nikaandika bila wasiwasi wowote kwamba majambazi walipita na gari usiku, wakarusha nanasi barazani kwa mwanasiasa, na nyumba ikabomoka upande mmoja. Mzee aliyekuwa akinihariri aliizungushia sentensi hiyo wino mwekundu, kisha akaniuliza kwa upole kama nanasi lenyewe lilikuwa limeiva. Ndipo nilipotafuta na kukuta kwamba kinywani mwa mhalifu wa Marekani wa miaka ya 1920, "pineapple" ni bomu la kutupwa kwa mkono, kwa sababu ganda lake la chuma lina vigaga kama vya tunda hilo. Watu wa Chicago waliuita uchaguzi wao wa mchujo wa Aprili 1928 kwa jina la nanasi, baada ya mabomu kulipuliwa kwenye nyumba za wanasiasa, ikiwamo ya seneta Charles Deneen.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kusoma au kutafsiri maandishi haya ya upelelezi, yaliyojaa misimu, yaani maneno ya mitaani, ni kuutazama mwaka kabla ya kulitazama neno. Marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa Marekani Januari 1920 na ikafutwa Desemba 1933, na katika miaka hiyo biashara ya magendo iliwapa wahalifu fedha, silaha na msamiati mpana. Jarida la Black Mask, lililowakuza waandishi wengi wa hadithi za upelelezi, lilianza mwaka huohuo wa 1920, na True Detective Mysteries, lililojijengea jina kwa visa vya kweli, likafuata mwaka 1924. Hadithi ya 1926 inapotaja "speakeasy", inasema habari ya kilabu cha siri kilicho wazi usiku huohuo, ambako mteja hunong'ona mlangoni. Hadithi ya 1946 ikilitaja neno hilohilo, msemaji anakumbuka ujana wake. Kamusi haitakuonyesha tofauti hiyo.

Fedha ndizo zilizonisumbua kuliko bunduki. Noti ya dola kumi iliitwa "sawbuck", yaani farasi wa seremala, ile miguu ya mbao iliyopishana ambayo gogo hulazwa juu yake likatwe. Uhusiano wa seremala na dola kumi ulinishinda kabisa, hadi nilipogundua kwamba miguu hiyo ina umbo la herufi X, na X ni kumi kwa tarakimu za Kirumi. Dola tano ziliitwa "fin", neno lililoingia kutoka Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliohamia miji ya Marekani kwa wingi. Dola mia ziliitwa "C-note", kwa kuwa C ni mia ya Kirumi. Mtu wa Dar es Salaam hapaswi kushangaa, kwani nasi huiita noti nyekundu ya shilingi elfu kumi Msimbazi, na mgeni asiyejua rangi ya jezi za Simba wala mtaa yalipo makao yao hawezi kukisia sababu hata akikesha. Ni muhimu kuzipigia hesabu noti hizi. Philip Marlowe, mpelelezi wa kubuniwa katika riwaya za Raymond Chandler, alitoza mwaka 1939 dola 25 kwa siku pamoja na gharama. Basi mtu anaposukumiwa "C-note" mezani ili afunge mdomo, anapewa ujira wa siku nne za kazi, na msomaji asiyelijua hilo hawezi kuupima uzito wa hongo.

Jambo la pili la kuuliza ni nani anayesema. Polisi yuleyule ni "bull" kwa mwizi na "copper" kwa mlevi. "Dick" ni mpelelezi, na mara nyingi ni yule wa polisi ambaye sisi humwita askari kanzu. Wa kujitegemea ni "private eye", jicho la binafsi, jina linalokumbusha kampuni ya upelelezi ya Pinkerton iliyoanzishwa Chicago mwaka 1850 na ambayo nembo yake ilikuwa jicho lililo wazi likiambatana na maneno kwamba hawalali kamwe. Dashiell Hammett alikuwa mtumishi wa kampuni hiyo kabla ya kuwa mwandishi, na ndiyo maana misimu yake hukaa mahali pake bila kujionyesha. Wengi waliomuiga walirundika maneno matano ya misimu katika sentensi moja, na kwa maoni yangu huko ndiko kunakotambulisha mwandishi aliyewasikia majambazi kupitia redio tu.

Ipo pia misimu iliyozaliwa mezani kwa mwandishi. Chandler alizaliwa Chicago lakini alisomeshwa Uingereza, na aliporudi ilimlazimu kujifunza Kiingereza cha Marekani kama lugha ya kigeni, akiorodhesha maneno ya mitaani katika madaftari yake. Aliamini kwamba misimu inayofaa vitabuni ni ya aina mbili tu: ile iliyokwisha kuota mizizi katika lugha, na ile anayoibuni mwandishi mwenyewe. Kifo alikiita usingizi mkubwa, kisha akaona Eugene O'Neill akiutumia msemo huo katika tamthilia yake ya 1946 kana kwamba ni lugha halisi ya wahalifu. Ukitaka kujua matapeli walivyosema hasa, soma utafiti wa David Maurer, mwanaisimu wa Kentucky, uliotoka mwaka 1940 baada ya kuongea na matapeli wenyewe.

Katika tafsiri, nilianza kwa kuwavisha majambazi wa Chicago maneno ya vijiwe vya Dar es Salaam. Polisi wakawa njagu, dola elfu moja ikawa buku, na msomaji mmoja akaniandikia kuuliza kwa nini mtu aliuawa kwa bei ya maandazi. Nikaacha. Sasa natafuta picha iliyomo katika Kiswahili cha siku nyingi, na mara nyingine lugha inanikirimu kuliko nilivyotarajia. Mhalifu anayewataja wenzake kwa polisi huitwa "canary" na husemwa kuwa anaimba. Sisi tunaye chiriku, ndege wa jamii hiyohiyo, na mtu mwenye maneno mengi tumekuwa tukimfananisha naye tangu zamani. Abe Reles, muuaji wa kukodiwa aliyegeuka shahidi wa serikali, alianguka kutoka dirishani kwenye hoteli ya Half Moon, Coney Island, tarehe 12 Novemba 1941 ilhali akilindwa na polisi, na mitaani akasemwa kuwa ni ndege aliyejua kuimba lakini hakujua kuruka. Ukimwita chiriku, mzaha wote unavuka salama.

Neno lililonitesa zaidi ni "gunsel". Erle Stanley Gardner, mwandishi mwingine wa hadithi za upelelezi, alisimulia kwamba Hammett alimtegea mhariri wa Black Mask msemo wenye sauti ya aibu, ambao kumbe ulihusu wizi wa nguo kwenye kamba za kuanikia; mhariri akaukata kwa hasira, akaliacha "gunsel" lipite kwa kudhani ni mtu mwenye bunduki. Asili yake ni Kiyidi, kinda la bata bukini, na kwa wahuni lilikuwa jina la kijana anayewekwa na mwanamume mkubwa kwa mapenzi. Waandishi wengine wakadanganyika kama mhariri, wakalieneza kwa maana ya mpiga bastola, hata maana hiyo ikaingia kamusini. Kwa hiyo nikilikuta kwa Hammett huandika "kijana wa bwana mkubwa", na nikilikuta katika hadithi za baada ya vita huandika "mpiga bastola".