Huyu aliyeshika kandili ni nani?

SWALI: Shikamoo mama. Kalenda ya parokia yetu ina picha ya Yesu akikamatwa bustanini. Upande wa kulia kuna mwanamume ameinua kandili. Si askari, na kwa mitume sijamwona. Ni nani? Na mchoraji ni nani?
Katekista, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza pale penyewe. Picha ni ya Caravaggio, aliyeichora kwa rangi za mafuta huko Roma mwaka 1602, kwa ajili ya familia tajiri ya Mattei. Na huyo mwenye kandili ni Caravaggio mwenyewe, amejichora.

Mwitaliano huyo alikuwa na miaka 30 hivi. Mtazame anavyochungulia nyuma ya askari: hamkamati Yesu, wala hamtetei. Anataka kuona. Injili ya Yohana inataja taa na mienge usiku ule, basi kandili ni haki yake kuwapo. Lakini fuata mwanga, mwanangu. Unaomulika uso wa Yesu unatoka juu kushoto, nje kabisa ya picha, kandili haimfikii. Mimi naisoma hivyo kama sala ya mchoraji.

Kisha shuka kwenye mikono. Yuda amemkamata Bwana begani, karibu amng'ang'anie, na askari mwenye deraya nyeusi inayong'aa (ya zama za Caravaggio, si ya Warumi) ananyoosha mkono wake wa chuma. Yesu amefungamanisha vidole vyake, ameinamisha macho. Hajitetei. Hapo ndipo ningewasimamisha wanafunzi wako wa kipaimara, wakae papo hapo muda mrefu. Anayekimbia akipiga kelele kushoto husemwa ni Yohana. Joho lake jekundu limewatanda Yesu na Yuda kama hema.

Picha hii ilipotea machoni pa wataalamu kwa muda mrefu. Wajesuiti (watawa Wakatoliki) wa Dublin, Ireland, walikuwa wameitundika katika chumba chao cha kulia chakula, ikidhaniwa ni ya mchoraji Mholanzi Gerrit van Honthorst. Mwaka 1990 mtaalamu wa kuhifadhi picha, Sergio Benedetti, alipokwenda kuzikagua picha za nyumba hiyo, akaitambua. Wajesuiti hawakuiuza. Tangu 1993 wameiazimisha Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Ireland, palepale Dublin, na kuiona hulipi kiingilio. Mimi nilisimama mbele yake hadi miguu ikauma.