Re: Mama anatapika siku ya tatu baada ya kemo (dawa za saratani)

Pole sana, dada. Umesema sindano ya kuzuia kutapika alichomwa, mbona siku ya tatu bado anatapika? Sisplatini, dawa ya kemo, ndivyo ilivyo: kuna kichefuchefu cha saa 24 za kwanza, halafu kile cha kuchelewa, kinachoweza kufika siku ya 5. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, husaidia zaidi siku ya kwanza (na hufunga choo, mwangalie). Kawaida huongezewa dawa nyingine za kuzuia kutapika, yaani deksamethasoni, aprepitanti na olanzapini, baadhi akiendelea nazo nyumbani. Mwulizeni daktari hasa kuhusu olanzapini ya usiku. Ni nafuu, ila inaleta usingizi. Ameze kwa ratiba, asingoje kutapika. Maji yasipokaa tumboni au mkojo ukipungua, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, maana sisplatini huumiza figo.