Jedwali Linapotulia na Kudanganya

Jedwali langu la kwanza la kuchuja na kupanga data kwenye ukurasa wa wavuti nililijaribu kwa mistari 40 ya data za kubuni. Lilikwenda mbio. Data halisi zilipoingia, mistari 18,000 hivi, ukurasa uliganda na feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. DataTables, programu-jalizi ya majedwali niliyoitumia, haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekitwisha kivinjari mzigo wote: kwa safu wima 10, hizo ni seli 180,000 za kuchora.

Nikahamia kwenye kurasa za mistari 25 zinazoletwa na seva, na hapo nikajichimbia shimo jingine. Upangaji niliuacha kwenye kivinjari. Mtumiaji akibofya kichwa cha safu ya "Deni" ili amwone mdaiwa mkubwa, anaoneshwa mkubwa wa wale 25 walio mbele yake. Hakuna ujumbe wa kosa wala maandishi mekundu, kwa hiyo niligundua kwa kuchelewa sana. Ukishagawa kurasa kwenye seva, kupanga na kuchuja navyo vihamie hukohuko, usibakize kimoja. Na jina la safu linalotumwa na kivinjari usilibandike hivihivi kwenye ORDER BY, sehemu ya amri ya SQL inayoiambia hifadhidata ipange kwa safu gani. Lilinganishe kwanza na orodha ya safu unazoziruhusu, la sivyo umemwachia mvamizi mlango wazi.

Kisanduku cha kutafutia nacho kina vituko. Mtu anaandika "kal", yanakwenda kwa seva maombi matatu, moja kwa kila herufi, halafu jibu la "k", lenye matokeo tele, linafika la mwisho na kufunika lile alilolitaka. Kusubiri milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho kunapunguza maombi, ila hakuzuii jibu lililochelewa njiani. Dawa ni kuyapa namba. DataTables hutuma namba iitwayo draw, seva huirudisha namba hiyohiyo, na jibu lenye namba ya zamani hutupwa.

Kama mistari yako ni mia chache, usijisumbue na seva. Angalia tu namba na tarehe zisipangwe kama maneno, maana 100 itaitangulia 9, na 02/11/2023 itaitangulia 15/03/2021. Mimi huiandika 2023-11-02 kwenye sifa ya data-order ya seli, yaani thamani iliyofichwa kwenye HTML ambayo DataTables huitumia kupanga, na msomaji anaendelea kuona tarehe kwa namna aliyoizoea.