Tinti Mpya Yenye Malengelenge

SWALI: Juzi fundi aliliwekea gari langu tinti katika vioo vya pembeni na cha nyuma. Jioni kazi ilionekana safi, lakini asubuhi nilikuta kioo cha nyuma kina ukungu kama wa maziwa, na cha dereva kina malengelenge madogo ambayo nikiyabonyeza yanahama. Je, nimepunjwa? Naweza kuyatoboa kwa sindano? Na gari nitaliosha lini?
Msomaji

JIBU: Hujapunjwa, na sindano irudishe kwa mwenyewe. Tinti ni plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja, na fundi huibandika juu ya kioo kilicholoweshwa maji ya sabuni ili aweze kuisogeza mpaka ikae sawasawa, kisha huyakamua maji hayo kwa raba. Hata akamue kwa nguvu vipi, machache hubaki, nayo hayana pa kutokea isipokuwa kupenya polepole katika plastiki yenyewe. Hayo ndiyo yanayohama chini ya kidole chako, na ndiyo yanayofanya ukungu. Ukitoboa, tundu halitaziba. Ukiendelea kubonyeza, utaacha mkunjo.

Kwenye jua kali maji hayo huweza kukauka kwa siku chache, lakini wakati wa baridi au mvua yanaweza kuchukua mwezi mzima, kwa hiyo liegeshe gari juani.

Jambo linaloharibu tinti nyingi ni kushusha vioo mapema. Kioo kikizama mlangoni na kupanda tena kabla gundi haijashika, raba ya mlango huweza kuinasa ncha ya juu ya tinti na kuibandua. Subiri angalau siku tatu hadi tano, na zaidi kukiwa na baridi. Bandika selotepu juu ya swichi zote, maana wewe utakumbuka lakini abiria wako hatakumbuka.

Kuosha gari kwa nje hakuna shida, kwa sababu tinti imebandikwa ndani. Upande wa ndani usiuguse kwa takriban mwezi mmoja, wala usiwashe nyaya za kupasha joto kioo cha nyuma kabla hakijakauka. Baadaye tumia kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni isiyo kali, ukipangusa kwa kufuata mkondo wa nyaya hizo badala ya kukatisha juu yake. Dawa za vioo zenye amonia, ambazo utazitambua kwa harufu inayochoma pua, huharibu rangi ya tinti, na karatasi kavu huacha mikwaruzo.

Lengelenge lenye punje ya vumbi katikati ni habari nyingine, kwani hilo halitaondoka hata ungoje mwaka. Likiwepo, au ukiona pembe imeanza kujikunja, usiibandike kwa gundi ya dukani. Mrudishie fundi gari aione kazi yake mwenyewe.