Shangazi Nesi Anajibu: Mama aliacha dripu kipindi cha korona

Shikamoo shangazi. Mi niko Chamwino. Mama alipasuliwa titi kwa kansa mwishoni mwa 2019, akaanza dripu za dawa ya kansa (kemo) hapa Dodoma mjini, akapiga mbili, kabla ya ya tatu korona ikaingia nchini, Machi 2020. Tukasema hospitali ndo kwenye ugonjwa wenyewe, bora akae nyumbani apige nyungu. Akakaa miezi mitano. Baadae akarudi akamalizia, akaenda Dar kwenye mionzi pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, akapewa tamoksifeni, vile vidonge vya homoni, na maisha yakaendelea. Sasa Januari 2025 ulivyotangazwa ugonjwa wa virusi vya Marburg kule Kagera akagoma kliniki tena, na ilipoisha Machi bado hakutaka, hata vidonge aliacha. Juzi nimeona kauvimbe kama punje ya karanga pembeni ya kovu, anasema kapo toka wakati wa mavuno. Ni ile miezi mitano imeleta hiki? Mi ndo niliyemwambia abaki nyumbani.

Marahaba mwanangu. Nianze na hako kauvimbe, ya lawama yasubiri. Mpeleke wiki hii hii. Uvimbe mwingi wa titi sio kansa, na kovu lenyewe huwa linafanya vinundu, ila kwa aliyewahi kuugua hatukisii kwa vidole, anapigwa ultrasaundi, na ikibidi wanachukua kinyama kwa sindano kikapimwe. Anzieni hospitali ya Benjamin Mkapa hapo mjini. Beba kadi na majibu yote ya zamani hata kama yameliwa na panya, na mwambieni daktari ukweli wa miezi mitano na lini vidonge viliachwa. Watu wanaficha hapo wakiogopa kufokewa (na wanafokewa kweli, nimefanya kazi hiyo najua), ila daktari akidhani mama kameza miaka yote bila kuruka, anapanga dawa kwa hesabu ya uongo.

Kama ndo imeleta? Hakuna atakayekuapia. Kuna wanaomaliza zote kwa wakati na bado inarudi. Dripu mara nyingi inapangwa kila siku 21 maana inaua kansa lakini inashusha na seli nyeupe za damu, zile siku ni za mwili kupumua, sasa ukizidisha sana na kansa nayo inapumua. Pengo halikuwa zuri, sikudanganyi. Lakini hofu yenu haikuwa ujinga, kwa mtu ambaye kinga imeshuka korona ilikuwa hatari kweli. Hata madaktari 2020 walibadili ratiba nchi nyingi, wapo walioanzishiwa vidonge vya homoni wakisubiri upasuaji, Uingereza baadhi mionzi ya wiki tatu ikawa mara 5 ndani ya wiki moja. Sema kule aliyebadili ni daktari mwenye faili mbele yake, kwenu imebadilishwa na sufuria la nyungu.

Halafu mama mwenyewe, umewahi kumuuliza alikuwaje kipindi kile? Kwetu wodini ndugu waliishia getini na chupa zao za uji. Kuna mama mmoja alikuwa ananiuliza jina langu kila asubuhi, kwa barakoa sote tulikuwa tunafanana. Aliyepita hapo ukimwambia twende kliniki yeye anasikia geti. Kwa hiyo hoja ya Marburg iache, mwambie utaingia nae mpaka ndani kwa daktari, uingie kweli.

Na ugonjwa mwingine ukija, msiache kimya kimya. Wekeni namba ya simu ya kliniki, ombeni vidonge vya miezi kadhaa, muulizeni daktari kipi kinaweza kusogezwa na kipi hakiwezi. Aliye kwenye dripu akipata homa ya 38 ni hospitali usiku huohuo, korona isikorona.

Shangazi, 2021 nilichanjwa korona mkono wa kushoto, tezi ikavimba kwapa hilohilo, ikaisha yenyewe. Jirani anasema ile ilikuwa dalili ya kansa ya titi. Niko Kondoa.

Jirani yako anakunyima usingizi bure. Ule ulikuwa mwili unaitikia chanjo, tezi za upande uliochomwa zinavimba na kwa kawaida zinanywea ndani ya wiki chache, ndo maana aliyeugua kansa kwenye titi la upande mmoja alishauriwa achomwe mkono wa upande wa pili. Ikivimba tena bila sindano yoyote, hapo nenda kapime.